Paka Wote Siku Moja

Walikale, tarehe 14 Septemba 1953

Dada yangu Dancille,

Asalam aleikum. Na kwa kuwa najua salamu hii inakufanya uguse rozari yako, nakuongezea Tumsifu Yesu Kristo. Chagua moja, nyingine umpe ng'ombe.

Mimi kaka yako ni mzima. Tumbo linaongezeka, nywele zinapungua, kwa hiyo uzito ni uleule. Hapa mbele yangu wananiita Mwalimu Ramazani, jina nililopewa niliposilimu, na nyuma yangu wananiita Mwalimu wa Ng'ombe, maana nikiwaita wanafunzi kutoka mtoni, sauti inayonitoka ni ile ya malishoni. Wakwe zangu Wangwana, Waislamu wa hapa, walinipa chuo hiki cha Kurani kwa sababu mwalimu wa kwanza alikufa, na hapakuwa na mwingine aliyeweza kusoma ukurasa mzima bila kusinzia. Sijidharau, walinieleza hivyo wenyewe. Mke wangu Sikujua yuko Kasongo tangu mwezi wa saba, anamuuguza mama yake. Chakula cha wanafunzi anapika mzee Nzabandora, yule wa kwetu Masisi. Ni Mkristo kama wewe, lakini chumvi yake haina dini. Chai najitengenezea mwenyewe, na inafanana na maji ya mto Lowa baada ya mvua.

Shemeji Théogène na kikohozi chake hajambo? Watoto je? Yule ndama mwenye doa usoni ameachishwa?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wanasema upele humea pasipo kucha. Hapa kwetu umemea penye kucha nyingi sana. Wanafunzi wangu wanaolala chuoni, wale waliotoka Pinga, Mpofi na hapa mtoni, wote wanajikuna. Wakisoma, mkono mmoja uko kwenye ubao wa kuandikia, mwingine uko kiunoni. Ukisimama nje utafikiri mvua inanyesha juu ya migomba. Sijui nani aliuleta. Wa Pinga wanasema ni wa Mpofi, wa Mpofi wanasema ni wa Pinga, na mimi nasema ni shetani, kwa sababu shetani hana wazazi watakaokuja kunilalamikia.

Ningecheka tu, lakini Hakorimana wetu naye ameupata. Unajua jinsi nilivyomwomba kwa bibi yake Verdiane, mama wa baba yake, baada ya mazishi ya dada yetu Nyirakamana. Nilimwambia bibi, nipe mtoto wa dada yangu mpaka Noeli tu, nimzoee, kisha nitakurudishia umpeleke shule ya misheni. Alikubali huku amekunja uso. Mtoto ana akili, Dancille. Ana mkono mwepesi wa kuandika. Asubuhi wote wanakuja kuubusu mkono wangu kama ilivyo desturi ya hapa, kisha wale wanaoanza nawashika mkono mmoja mmoja, tunachora herufi pamoja, mkono wangu juu ya mkono wao. Yeye namshika kwa muda mrefu kuliko wenzake. Sasa katikati ya vidole vyake kumejaa vipele, na tumboni, na sehemu ambazo sikuandikii.

Mimi usiniulize. Ngozi iliyochunga ng'ombe kwenye baridi ya Masisi haitobolewi na mdudu wa Walikale.

Wewe unafanya kazi kwa masista, kwenye dispanseri. Nitafutie dawa.

Kaka yako mwenye tumbo,
Sebarenzi


Masisi, tarehe 3 Oktoba 1953

Kaka Sebarenzi,

Milele na milele, amina. Salamu yako ile nyingine nimempa ng'ombe kama ulivyosema. Ametikisa masikio, sijui kama ni kuitikia.

Sisi ni wazima. Kikohozi cha Théogène kimepungua tangu aache kuvuta tumbaku, ao tangu aanze kuivutia nyuma ya zizi nisipomwona. Ndama wako mwenye doa ameachishwa na analia kama aliyefiwa. Baridi ni kali, viazi vimeoza chini. Bibi Verdiane anapita hapa kila Jumapili baada ya misa. Hakai. Anasimama mlangoni, anauliza, "Mutoto iko namna gani?" Namwambia yuko vizuri. Amenunua kitambaa, anamshonea shati la Noeli, na ananiomba nimwoneshe kwa mkono urefu aliofikia. Mimi nimemwona mwisho wakati wa mazishi. Naonesha tu.

Sikumwambia habari ya upele. Nimefanya vibaya?

Dawa ipo. Nilimwomba Mama Masera, mkuu wa masista, naye ametoa chupa mbili kubwa. Nimempa dereva wa kamyo inayokwenda huko kupakia mawe ya bati. Nimezifunga katika majani ya migomba, mwambie asikae juu yake. Ni dawa nyeupe kama maziwa, inanuka, na penye kidonda inachoma. Mama yetu aliita ugonjwa huu buheri na alitusugua kwa majivu. Masera wanasema ni mdudu mdogo, jicho halimwoni, anachimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Anatoka ngozi kwa ngozi: mkono kwa mkono, mkeka mmoja, nguo moja.

Ufanye hivi. Waoge kwa sabuni, wajisugue mpaka vipele vifunguke. Kisha paka kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kila mahali, hata kule usikoniandikia. Wasioge mpaka kesho yake. Nguo zote zichemshwe, mikeka ianikwe juani. Juma likiisha, rudia.

Na jambo kubwa njo hili: paka wote siku moja. Nasema wote. Akibaki mmoja, umeteka maji kwa kitunga.

Umsalimie Hakorimana. Mwambie ndama analia kwa sababu yake.

Dada yako,
Dancille


Walikale, tarehe 25 Oktoba 1953

Dada yangu mwenye maziwa makali,

Salamu za wote hapa, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani nakuandikia bila kusikia ile mvua ya kucha. Mke wangu Sikujua ameleta habari kwa mpita njia kwamba mama mkwe anakula uji, kwa hiyo huenda akarudi kabla sijajifunza kupika. Mzee Nzabandora anakusalimu. Amevunja chungu kikubwa na anasema kilivunjika chenyewe. Nami nimemwambia kwamba Théogène wako njo wa aina hiyo hiyo, moshi unatoka nyuma ya zizi wenyewe.

Chupa zimefika salama. Dereva hakuzikalia, alizilalia. Nilifungua barua yako mbele ya wanafunzi wakubwa, nikasoma kwa sauti: "Paka wote siku moja." Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tutapata wapi paka wote hao? Hapa iko mumoja tu, na ule wa Bwana dukani." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaogopa kidogo, nikakumbuka kwamba mwalimu wake wa lugha ni mimi.

Basi tulipaka. Ijumaa baada ya swala niliwapeleka mtoni wote, wakajisugua kwa maganda ya mahindi. Wakapanga mstari uani, uchi kama siku waliyozaliwa, wanatetemeka, na mimi na burashi ya kupakia chokaa ya mzee Nzabandora. Ilipofika penye vidonda walipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja kutazama kama tunatahiri. Wakageuka weupe wote. Nikawaambia sasa mmekuwa wazungu, lipeni kodi yangu. Hakorimana hakulia. Aliuma meno, akanyoosha vidole vyake vyote, akasema nipake na katikati.

Nguo tumechemsha katika pipa, mikeka tumeanika juu ya paa. Juma lililofuata tukarudia. Vipele vimekauka. Wanalala. Unajua ni miezi mingapi sijasikia watoto wakilala kimya? Mimi tu njo sina usingizi. Nimekuwa kama yule dume wa baba, najisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango mpaka nyumba inalia. Ni uzee huo, na joto la hapa, na mke kuwa mbali.

Mwambie bibi Verdiane mtoto anakuja kwa Noeli, akiwa na ngozi kama ya yai. Shati alifanye refu kidogo.

Kaka yako, mpakaji wa chokaa,
Sebarenzi


Masisi, tarehe 16 Novemba 1953

Kaka Sebarenzi,

Nimesoma barua yako jikoni na Théogène akauliza nacheka nini, nikamsomea pale pa paka, na hapa pia wamecheka wote. Asante kwa salamu za mzee Nzabandora. Théogène amekubali kosa la moshi. Tuko wazima. Mvua imekuja na nguvu, daraja la chini limeondoka na barua zinapita kwa miguu mpaka Mpofi. Dada ya Théogène, Adelaïde, amejifungua mtoto wa kike.

Nimefurahi kwa watoto kulala. Bibi Verdiane nimemwambia, naye amefungua pindo la shati ili aongeze kitambaa.

Kaka, nina jambo dogo. Labda si kitu. Nakuandikia kama hadithi tu, usikasirike.

Mwaka uliopita hapa kwa masera, kwenye nyumba wanamolala wasichana wa shule, upele uliingia. Mama Masera aliwapaka wote. Wakapona. Baada ya majuma machache ukarudi. Akawapaka tena, ukarudi tena. Wakaanza kusema ni uchawi. Mwisho akagundua kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakupakwa kwa sababu hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mpishi. Mama mwenye heshima, mtu mzima, hakuna aliyethubutu kumwambia avue nguo. Alikuwa anawagawia watoto chakula kwa mkono wake, na mkono ulikuwa na ugonjwa, naye alisema ni joto la jiko.

Mtu mzima akipata upele, kaka, si aibu. Haumaanishi uchafu. Hata Monsenyeri, askofu wetu, anaweza kuupata.

Nimekumbuka tu. Unasema hulali?

Nimekutumia chupa nyingine ndogo. Inatosha mtu mmoja mkubwa.

Dada yako anayekuheshimu,
Dancille


Walikale, tarehe 5 Desemba 1953

Dada yangu Dancille,

Amani kwako na kwa kichanga cha Adelaïde. Mungu amkuze, na asirithi pua ya upande wa Théogène. Mke wangu Sikujua hajarudi; mama mkwe aliacha tena uji. Mimi nipo nipo. Mvua inanyesha mpaka wino unaota uyoga.

Hadithi yako ya mpishi ilinifikisha mahali. Nilisema, kumbe! Nikamwita mzee Nzabandora siku hiyo hiyo, nikamwambia vua. Alikataa, akasema yeye tangu abatizwe hajavuliwa nguo na mtu. Tulimshika mimi na wanafunzi watatu wakubwa. Nimempaka mara mbili, chupa nzima ile ndogo. Hana hata kipele kimoja, lakini sasa ananikunjia uso na maharage anayatia chumvi kwa hasira.

Kwa sababu upele umerudi, Dancille. Ulisema kweli. Ulianza kwa wale wadogo ninaowafundisha kuandika, halafu ukashika wengine. Mzazi mmoja wa Pinga amekuja kumchukua mwanawe. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mwalimu, huku kwenu munakaa na usafi kweli?" Mimi, mtu ninayetawadha mara tano kwa siku! Wakwe zangu wamesikia. Unajua tangu mwanzo kuna wanaosema chuo kimepewa mtu wa milimani ambaye harufu ya zizi haijamtoka. Mwalimu akionekana anapakwa chokaa uani kama ukuta, nani atamwogopa? Nani atambusu mkono?

Lakini nakuchosha na maneno.

Hakorimana ndiye anayenipa mawazo. Yeye amejikuna mpaka vipele vimefunguka, vimetunga usaha, miguuni na mikononi. Naviosha kwa maji ya chumvi. Kalamu haishiki vizuri, kwa hiyo namshika mkono zaidi kuliko zamani. Sitaki afunge safari namna hii katika mvua, na bibi yake amwone na vidonda. Mwambie atachelewa, atakuja baada ya mwaka mpya. Sema ni daraja. Daraja kweli limeondoka, si uongo.

Nitumie chupa kubwa tena.

Kaka yako,
Sebarenzi


Masisi, tarehe 19 Desemba 1953

Kaka Sebarenzi,

Salamu kwako na kwa watoto. Sisi tuko, ng'ombe nao wako. Mengine nitayaandika siku nyingine, mpeleka barua amesimama mlangoni.

Nilimweleza Mama Masera habari ya usaha wa Hakorimana. Hakupenda. Anasema vidonda vya upele vikioza, sumu yake inaweza kushuka mpaka kwenye figo za mtoto. Sikiliza vizuri. Akiamka asubuhi uso umevimba, macho yamejaa kama ya mtu aliyelia, ao mkojo ukiwa mweusi kama chai iliyolala, usingoje. Usimwoshe kwa chumvi. Siku hiyo hiyo mpeleke kwa muganga wa serikali hapo Walikale, wana dawa ya sindano. Hata akikutukana, hata akisema nini juu ya chuo chako. Mpeleke.

Chupa kubwa hizi hapa. Na paka wote, kaka. Kila mtu anayeshika mkono wa mtoto. Nakuomba kama ninavyomwomba mzazi.

Bibi Verdiane nimemwambia ni daraja. Alisema, "Daraja yetu, muntu anapitaka na miguu." Kisha akaenda na shati lake.

Dancille


Walikale, tarehe 9 Januari 1954

Dada yangu,

Salamu. Natumaini mko wazima.

Barua yako ya Desemba imefika juzi. Ilikuwa imekaa Mpofi, kamyo ilizama kwenye matope huko. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na hapakuwa tena na kazi ya kuifanya.

Hakorimana amefariki siku ya pili ya mwaka.

Alianza kuvimba uso siku mbili baada ya Noeli yenu. Nilidhani anakula vizuri. Nilifurahi, Dancille, nilimwambia umeanza kufanana na mimi. Kisha mkojo ukawa kama ulivyoandika. Kisha tumbo, na miguu, na hakuweza kulala chini, alikaa ameegemea kifua changu ili apate pumzi. Hapo njo nilimbeba kwa muganga. Muganga hakunitukana. Alimpiga sindano, akatazama mikono yake, akatazama yangu, akaandika kitu. Mtoto alikaa kwake siku nzima. Jioni alinidai nimpe ubao wake. Aliandika herufi moja, ikapinda, akasema ataifuta kesho.

Tumemzika hapa, siku ile ile, kama ilivyo desturi ya huku. Wanafunzi walichimba wenyewe. Nilisoma mimi. Mzee Nzabandora alisimama nyuma akasema Baba Yetu kwa sauti ndogo, na nilimwacha aimalize kabla hatujarudisha udongo.

Mwambie bibi Verdiane. Sema ilikuwa homa. Mimi siwezi kumwandikia.

Dawa zimefika pia. Zipo mezani.

Sebarenzi


Masisi, tarehe 28 Januari 1954

Sebarenzi,

Leo sikusalimu.

Uliwapaka wanafunzi. Ulimpaka mpishi. Wewe ulipakwa lini?

Nimeuliza kwa njia zote ninazojua. Nimeuliza kwa hadithi ya mpishi, nimeuliza kwa chupa ndogo, nimeuliza kwa kusema Monsenyeri. Niliandika "wote" kwa sababu niliogopa kuandika "wewe". Wewe ni mkubwa wangu, umenibeba mgongoni, na kwetu mwanamke hamwambii kaka yake avue nguo. Nilijua tangu ile barua ya kujisugua mlangoni. Nikanyamaza kwa heshima. Heshima hiyo tumeizika pamoja na mtoto, mimi na wewe.

Bibi Verdiane nimemwambia homa. Akauliza, "Homa gani?" Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi, si Jumapili tu, anasimama pale pale, anauliza neno hilo moja, anaenda.

Una watoto wengine hapo, na kila asubuhi wanabusu mkono huo. Vua kanzu. Upakwe kuanzia shingoni mpaka nyayo, mbele ya wote, ili wajue. Usiponijibu kwamba umefanya hivyo, nitakuja na burashi mwenyewe, nami sitageuza uso.

Dancille


Walikale, tarehe 20 Februari 1954

Dancille, mdogo wangu,

Salamu zangu ni hizi: nimevua.

Ulikuwa mchana, uani, baada ya adhuhuri, na jua lilikuwa halijifichi hata kidogo. Niliwaambia wanafunzi wapange mstari, na mimi nikasimama wa kwanza katika mstari. Walidhani ni mzaha, unajua sifa yangu. Kisha nikaondoa kanzu. Walikuwa hawajaona. Kiunoni, kwapani, tumboni, vidole vyote. Huko kote nilikuwa nimechimbwa kama mlima wa bati. Kumbe tumbo langu lote lile lilikuwa nyumba ya wapangaji.

Hakuna aliyetaka kushika burashi. Walirudi nyuma mpaka ukutani. Niliwaamuru kwa sauti ya mwalimu, hawakuja. Niliwaamuru kwa ile sauti ya malishoni, hawakuja. Mwisho nilisema, "Banangu, nasikia aibu. Munisaidie." Ndipo mkubwa wao wa Pinga akaja, akaanza na mgongo. Dawa inachoma kweli, dada. Sikuwa nimewaamini.

Umeniuliza nilipakwa lini. Nitakujibu mara hii tu. Ile Ijumaa ya kwanza, nilipomaliza mstari, dawa ilikuwa imebaki chini ya chupa. Hakorimana alikuwa mweupe wote, meno yanagongana kwa baridi. Akaokota burashi, akaniambia, "Mujomba, sasa weye. Geuka, nikupake mugongo." Nikamwambia mgongo wa mwalimu ni wa kubebea vitabu, si wa kupakwa. Wenzake wakacheka, naye akacheka, akairudisha burashi ndani ya ndoo. Bado ninaisikia ile ndoo.

Sasa asubuhi hawabusu mkono. Nimeikomesha desturi hiyo mpaka tupone wote, na labda hata baada ya hapo. Wakwe wamekuja kuuliza. Niliwaeleza, wakatazamana. Huenda wakatafuta mwalimu mwingine. Wakimpata, nitamwonesha chupa kabla ya kumwonesha vitabu. Wanaoanza kuandika, nasimama nyuma yao na kuchora herufi mchangani kwa kijiti, nao wanafuata. Herufi zao ni mbaya sana, kama zangu za zamani.

Jambo la bibi Verdiane. Usimwambie tena homa. Usimwambie chochote, mimi nitakuja. Akisimama mlangoni, mwambie Sebarenzi yuko njiani na jina la ugonjwa analo. Nitapita kwa miguu toka Mpofi.

Lakini sitakuja juma hili wala lile. Namngoja Sikujua, amekwisha kuondoka Kasongo, na yeye nitampaka siku ya kufika, kabla hata hajatua mzigo. Kisha nitarudia mimi, kisha muganga atanitazama. Najua mnavyosalimiana huko kwetu. Kabla sijafungua kinywa, bibi atanishika mikono yote miwili, ataivuta, ataikumbatia, na hataiachia mpaka nimalize kusema. Baada ya hapo afanye anavyotaka. Ila sitaki ashike kitu kitakachomrudisha nyumbani akijikuna.

Sebarenzi